OBi200, HT802 au HT813? Kuchagua adapta ya simu ya mezani kwa nyumba ya mzazi

Mama anaishi Section 58, hapa Nakuru. Wajukuu walimnunulia simu nzuri ya kugusa, lakini mama haelewani nayo. Vidole vimekauka, kioo hakimsikii, na WhatsApp ikilia, kabla hajaipata ile alama ya kijani aitelezeshe juu, aliyepiga ameshakata. Alichotaka ni simu ya mezani kama tuliyokuwa nayo enzi za Posta na Simu: unainua mkono wa simu, unasema haloo, mnaongea. Waya za shaba mtaani kwetu zilikwisha zamani. Siku hizi simu ya namna hiyo hupita kwenye intaneti, na katikati ya ruta na simu ndipo kinakaa kisanduku kiitwacho adapta.

Nimeshafunga adapta tatu tofauti katika nyumba ile moja, na nimewafungia majirani wawili wenye watoto ng'ambo. Ninachoandika hapa ni kwa mtu aliye katika hali kama yangu: mzazi yuko Nakuru, Kisumu au Kakamega, intaneti ya nyumbani ipo, na watoto wametawanyika nchi mbili tatu.

Huduma mbili, akaunti ngapi?

Kaka yangu yuko Dallas, dada yetu mdogo yuko Leicester. Kaka akitaka kuongea na mama anapiga nambari inayoanza na 214, ya mjini kwake, na kwa kifurushi chake hiyo ni simu ya kawaida tu. Dada anapiga 0116, ya Leicester. Zote mbili zinalia Section 58. Nambari za aina hii hukodishwa kwa mwezi, kwa dola moja hadi mbili hivi, kutoka kwa huduma kama VoIP.ms ya Canada, Callcentric ya New York au Localphone ya Uingereza. Mimi hulipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-PESA GlobalPay, ile iliyoanza Juni 2022.

Wengi hudhani kwamba nambari mbili ni lazima ziwe akaunti mbili ndani ya adapta. Si lazima. Unaweza kununua nambari ya Dallas na ya Leicester kwa mtoa huduma mmoja, zote zikaingia kwenye akaunti moja. Au ile ya huduma ya pili ukaielekeza kwa ya kwanza kupitia anwani ya SIP, ambayo ndiyo lugha ambayo adapta hizi zote huzungumza na seva. Ukipanga hivyo, Grandstream HT801 yenye tundu moja na akaunti moja inakutosha, na huna haja ya kusoma zaidi ya hapa.

Mimi sikupanga hivyo kwa sababu ya Septemba 2021. Mwezi huo VoIP.ms ilishambuliwa na wahalifu waliofurika seva zake kwa maombi ya uongo huku wakidai pesa, na wateja walikaa siku nyingi simu zikikatika au zisilie kabisa. Aliyekuwa na huduma ya pili aliendelea kuongea. Mzazi aliye peke yake nyumbani sitaki ategemee kamba moja.

Masanduku yenyewe

OBi200 ndiyo iliyonifundisha kazi hii. Ina tundu moja la simu, lakini ndani yake unasajili huduma nne, SP1 hadi SP4, na zote zinalia kwenye simu ileile. Unapopiga, nyota mbili na tarakimu moja zinachagua njia: **1 kisha nambari inapita huduma ya kwanza, **2 ya pili, na kuendelea. Kilichonivutia zaidi ni kwamba kila huduma unaweza kuipa mlio wake. Niliiwekea Dallas mlio mrefu mmoja, Leicester milio miwili mifupi. Ndani ya wiki moja mama alikuwa anaita jina la mtoto kabla ya kuinua simu.

Shida yake ni ukoo wake. Obihai, waliounda kisanduku hiki, walinunuliwa na Polycom mwaka 2018. Polycom ikaja kuitwa Poly, na Poly ikanunuliwa na HP mwaka 2022. HP wameacha kuihudumia familia hii ya OBi, na ule ukurasa wa mtandaoni ambao wengi waliutumia kuisanidi umefungwa. Kisanduku bado kinafanya kazi na huduma za SIP. Unapiga ***1 kwenye simu, sauti inakusomea anwani yake ya IP, unaiandika kwenye kivinjari cha kompyuta iliyo kwenye waifai hiyohiyo, na unasanidi kila kitu papo hapo. Lakini marekebisho ya usalama hayatakuja tena. Kama ndugu alikubebea moja kwenye sanduku la safari, itumie. Kutoa pesa kununua nyingine leo, tena iliyokwisha kutumika, mimi sikushauri.

HT802 ya Grandstream ina matundu mawili na akaunti mbili, kila akaunti kwa tundu lake. Kwenye karatasi inaonekana dhaifu kuliko OBi, kwani nne ni nyingi kuliko mbili na simu moja ni nadhifu kuliko mbili. Nilifikiri hivyo mpaka nilipokaa na mama nikamwangalia anavyopiga. Nyota mbili zile alikuwa akizisahau kila mara. Aliziandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la kitabu cha simu, na bado akichanganya **1 na **2, kisha anakata na kungoja watoto wapige wenyewe.

Kwenye HT802 kuna mpangilio wa kujipigia: ukiinua mkono wa simu usibonyeze kitu, adapta inapiga nambari uliyoiweka. Kwa hivyo sasa kuna simu nyeupe na simu nyekundu juu ya meza moja ndogo, chini ya kalenda. Nyeupe ukiinua inaita Dallas. Nyekundu ukiinua inaita Leicester. Hakuna nambari wala nyota. OBi nayo inaweza kujipigia ikipangwa, lakini tundu lake ni moja, kwa hivyo mtoto mmoja angepata njia ya mkato na mwingine akabaki na nyota. OBi202 ina matundu mawili, ila ni ya ukoo uleule ulioachwa.

HT813 nimeifunga kwa jirani. Hii ina tundu moja la simu na tundu jingine la kupokea laini ya nje, yaani lile ambalo zamani ungechomeka waya wa Telkom. Kwa kuwa waya huo haupo, unachomeka kile kifaa cha laini ya simu chenye tundu la waya nyuma yake, kile kinachotoa mlio wa laini kama simu ya zamani lakini ndani kina SIM kadi. Hapo simu moja ya mezani inapokea za ng'ambo kupitia intaneti na za hapa nchini kupitia SIM. Kupiga kwa laini ya hapa unatanguliza *00. Faida yake kubwa ni kwamba stima ikipotea, HT813 inaiunganisha simu moja kwa moja na ile laini ya nje, na kifaa cha SIM kikiwa na betri yake unaendelea kuongea. Kwa mwalimu mstaafu aliye na akili za kukumbuka *00, kama jirani yetu, ni chombo kizuri sana. Ila upande wa intaneti simu hiyo inapata akaunti moja tu, kwa hivyo nambari zote za ng'ambo itabidi uziingize kwa mtoa huduma mmoja.

Ukitaka simu isiyo na waya, ya kutembea nayo hadi jikoni, ziko besi kama Gigaset N300 IP yenye akaunti sita au Grandstream DP752 yenye kumi. Angalia jambo moja kabla ya kulipa. Simu hizi za DECT zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia masafa ya megahezi 1920 hadi 1930. Hapa Kenya masafa hayo yamo ndani ya yale yanayotumiwa na simu za mkononi za 3G kupeleka sauti kwenye mnara. Chukua ya soko la Ulaya, 1880 hadi 1900, hata kama shangazi wa Atlanta ameshakununulia ile nyingine.

Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ikiwekwa Asterisk, programu ya kuendesha simu, ina uwezo kuliko vyote hivi na inapokea huduma nyingi upendavyo. Pia kadi yake ya kumbukumbu huharibika stima ikikatika ghafla, na fundi wake ni wewe peke yako. Kwa nyumba ya mzazi sitaki. Programu ya simu ya mkononi kama Linphone au Zoiper ni ya bure au bei ndogo na inapokea akaunti kadhaa, lakini inaturudisha kwenye kioo kilekile kilichotutoa. Na kwa anayeuliza: hakuna adapta kati ya hizi inayopokea simu za WhatsApp.

Mtego wa 07

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi, na sijaona mtu akieleza kwa Kiswahili.

Wakati wa OBi, mama alichukua simu ileile akampigia fundi wa mabomba, 0722 na kuendelea. Akajibiwa na sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, kwa Kiingereza, ikisema nambari haitambuliki. Alipiga mara nne. Kilichotokea ni kwamba njia ya kawaida niliyoweka ilikuwa huduma ya Uingereza, na Uingereza nao nambari za mkononi huanza na 07. Zao zina tarakimu 11, zetu 10. Seva ya London haikuwa na njia ya kujua kwamba aliyepiga yuko Nakuru. Ilihesabu nambari pungufu ikaikataa. Hizi zetu za 01, za 0110 na 0100, zina mtego uohuo, kwani 01 kule ni mwanzo wa nambari nyingi za mezani.

Dawa yake ni kuiandikia adapta kanuni ya kugeuza nambari. Kwenye OBi unaandika <0:00254>[17]xxxxxxxx, maana yake: ukiona sifuri inayofuatwa na 1 au 7 na tarakimu nane, ondoa sifuri uweke 00254. Grandstream wanataka alama ya usawa mahali pa nukta mbili: <0=00254>[17]xxxxxxxx. Kosa la alama hiyo moja lilinila jioni nzima nilipohama kutoka sanduku moja hadi jingine. Na kama njia hiyo ni huduma ya Marekani, kwa kawaida badala ya 00 wao hutumia 011.

Lakini hata kanuni ikifanya kazi, usiitumie kwa simu za hapa. Dakika moja kwenda Marekani kwa huduma hizi ni takriban senti moja ya dola. Dakika kwenda nambari ya mkononi ya Kenya ni zaidi ya mara kumi ya hiyo, maana kwa huduma hizo Kenya ni ng'ambo. Mama akimpigia jirani wa nyumba ya tatu, sauti inashuka Mombasa, inapita chini ya bahari hadi Ulaya, inarudi tena Nakuru, na tunalipia safari yote. Ndiyo maana juu ya meza ile kuna simu ya tatu, nyeusi, simu ya mezani ya kuweka SIM. Hiyo ni ya fundi, ya kanisa, ya majirani. Tumeitenga kabisa na adapta.

Na kuna 911. Hapa kwetu nambari za dharura ni 999, 112 na hiyohiyo 911. Ukiipiga kwenye akaunti ya Marekani, simu inaelekea kwa wahudumu wa dharura wa Marekani, ambao hawawezi kukutumia ambulensi Nakuru. Hili liwe limezungumzwa na kila mtu ndani ya nyumba siku ileile ya kufunga adapta, akiwemo msaidizi wa nyumbani.

Sauti kuchelewa na sauti kupotea

Sauti ya ubora wa simu ya kawaida, G.711, hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na hivyohivyo kurudi. Saa nzima ya maongezi ni kama megabaiti 78. Kifurushi chochote cha nyumbani kinabeba hiyo. Ukiwa kwenye bando la kupimwa, G.729 hushusha hadi karibu theluthi ya hapo, na sauti inakuwa nyembamba kidogo.

Kinachosumbua zaidi ni umbali. Mashirika ya viwango yanashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili, na ikipita hapo watu huanza kukatizana maneno. Kwa hivyo kama huduma yako inakuruhusu kuchagua seva, chagua kulingana na anayeongea. Kwa Leicester, weka London. Kwa Dallas, seva ya London au ya New York zote zinafaa kwa sababu sauti inaelekea upande huohuo. Kwa mtu wa Kisumu anayeongea na mtu wa Eldoret kupitia akaunti hizi, seva ya Marekani ni adhabu tupu: sauti inavuka bahari mara mbili. Nyaya za chini ya bahari zenyewe zina siku zake. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipata hitilafu pamoja, na Afrika Mashariki nzima ikahisi.

Ukisikia upande mmoja tu, yaani yeye anakusikia na wewe humsikii, usiilaumu huduma kwanza. Ingia kwenye ruta utafute mpangilio uitwao SIP ALG, uuzime. Kwa nyumba zote tatu nilizofunga, huo ndio uliokuwa mkosaji. Na kama intaneti yako inashiriki anwani moja na wateja wengine, kama ilivyo kawaida Starlink na kwa simu za 4G, adapta bado itafanya kazi kwa sababu ndiyo inayotoka nje kujisajili. Hakikisha tu inatuma salamu kwa seva kila sekunde 20 au 30 ili mlango usifungwe.

Simu za saa 9 usiku

Hili ni kosa langu, na liliniuma. Fundi mmoja aliniambia nifungue mlango (port) namba 5060 kwenye ruta ili simu ziingie vizuri. Nilifungua. Usiku wa tatu, saa 9, simu nyeupe ikalia. Mama akainua, kimya. Ikalia tena, kwenye kioo kidogo imeandikwa 1001. Ikalia tena. Kwa mama, simu ya usiku wa manane kutoka upande wa Dallas ina maana moja tu, na alikaa kitini hadi alfajiri akimwombea kaka yangu.

Wale si watu. Ni programu zinazopita mtandaoni zikibisha 5060 ya kila nyumba, zikitafuta adapta ya kupigia simu za bei kubwa kwa pesa za mwenyewe. Usifungue mlango wowote, hauhitajiki. Kwenye HT802 washa mpangilio wa kukubali ujumbe wa SIP kutoka kwa seva yako peke yake. OBi nayo inao, kwa kila huduma. Badilisha nywila ya kuingilia, maana matoleo ya zamani ya Grandstream na OBi huja na neno admin, na Grandstream mpya huwa na nywila kwenye kibandiko chini ya kisanduku. Kwa mtoa huduma weka salio dogo la kulipia kabla, zima kujiongeza kwa salio, na funga nchi zote usizopigia.

Simu za kweli za alfajiri nazo zina dawa. Saa 3 usiku ya Dallas ni saa 11 alfajiri kwetu wakati wa kiangazi chao, saa 12 wakati wa baridi. VoIP.ms inakuruhusu kupanga saa ambazo simu inaenda kwenye ujumbe wa sauti badala ya kulia. Panga hilo kwa mtoa huduma, lisikae ndani ya adapta, ili ukibadilisha sanduku lisipotee.

Stima

HT801 na HT802 hutumia volti 5, ampea 1, sawa na chaja ndogo ya simu. OBi200 ni volti 12, kama ruta nyingi. Ile UPS ndogo ya ruta yenye matundu ya volti 12 na volti 5 inabeba ruta, kisanduku cha faiba na adapta pamoja kwa saa kadhaa. Nunua yenye matundu yote mawili.

Ningenunua nini leo

Mzazi mwenye watoto nchi mbili na asiyetaka kubonyeza kitu: HT802, simu mbili za rangi tofauti, huduma mbili, na simu ya SIM pembeni. Mzazi mwenye mtoto mmoja ng'ambo: HT801. Anayekumbuka misimbo na anayeishi mahali stima hukatika kila wiki: HT813 na kifaa cha SIM chenye betri. Mwenye OBi200 tayari, na anayepiga ni yeye mwenyewe: abaki nayo mpaka ife.

Simu zenyewe chukua za vitufe vikubwa, na kabla ya kuita fundi geuza simu uangalie kiswichi kidogo chini yake chenye herufi T na P. Kikiwa P utasikia mlio wa laini na ukibonyeza nambari hakuna kitakachoenda. Kiwe T.

Ukutani juu ya meza ya mama kuna karatasi niliyoiandika kwa kalamu nene: NYEUPE DALLAS, NYEKUNDU LEICESTER, NYEUSI NAKURU. Chini yake: HOSPITALI, POLISI, MOTO — NYEUSI TU, 999 AU 112.